Asubuhi Nahodha Alipobaki Mkavu

Mwanga ulishuka mtoni kabla ya watu. Ulitandaza fedha juu ya maji, ukayapiga pasi, ukayafuta makunyanzi. Na yeyote aliyesimama darajani asubuhi ile angeapa kwamba chini ya mwanga ule hapawezi kukaa ubaya.

Nami nilikuwa nimetoka maabara, dada yangu, na nilijua.

Kwa miaka uliuuguza mto huu kama mgonjwa wa nyumbani. Ulibisha hodi viwandani, ukakaa kwenye mabenchi ya ofisi za jiji hadi makarani wakakubandika jina la Bibi Mto. Wakacheka, ukakaa. Wakachoka kucheka, ukakaa. Mwishowe mabomba machafu yakazibwa, moja baada ya jingine, na visamaki vikarudi chini ya daraja. Ndipo uliposimama mbele ya waandishi wa habari ukasema: "Mto umepona. Njooni tuogelee." Jiji likatoa kibali cha mashindano, cha majaribio tu, likiridhika litatoa kingine, likiaibika litafunga mlango.

Nilikutazama siku ile, dada, nikajifunza kwamba ukaidi nao unaweza kuwa aina ya upole.

Kisha ikanyesha mvua. Ewe mvua, mlezi wa mimea, ulipita wapi hata ukatufikia na mikono michafu? Ilipokatika tulichota maji pale kwenye kona ya mto, mahali ambapo waogeleaji hugeuka na kumeza. Nikayapeleka katika maabara ya chuo ninakosoma, nikayadondosha kwenye visahani vya kuoteshea vijidudu, nikavilaza katika kabati lenye joto. Kwa maana vijidudu vya chooni havijitokezi kwa kuitwa, sharti uvipe usiku mzima vizaane. Alfajiri nilifungua kabati. Madoa ya buluu, kila doa kundi la vijidudu, yalikuwa yamechanua, yamesongamana hata yakagusana, mazuri kama kitambaa cha sherehe. Nikaulilia uzuri ule.

Nilikukuta gatini, umekwisha kuvaa kofia ya mpira. Nikakunong'oneza. Hukuniuliza mara mbili.

Klabu yenu ya kuogelea ina desturi: nahodha hutangulia majini peke yake, hufika kwenye boya la kwanza, hurudi, na hakuna atiaye mguu mpaka amwone ametoka akichuruzika. Walikuwa wamejipanga wote, kofia nyekundu kwa njano, wakikungoja uloe. Ukaketi kwenye ngazi. Ukavaa viatu.

"Nahodha, vipi tena?" aliuliza yule pande la mtu mnayemwita Kiboko. "Maji yanang'aa mpaka naziona kucha zangu!"

"Kung'aa yanang'aa, kaka. Usafi ni jambo jingine."

Mwenyekiti wa mashindano, ulipomweleza nilichokiona maabara, akakuvuta kando, ila sauti yake haikuwahi kujua kunong'ona. "Dada yangu, watu wamejaa darajani. Wewe mwenyewe ndiye uliyetangaza. Tukiahirisha leo, kibali ndiyo basi tena. Na hivyo vijidudu havionekani, nani atajua?"

"Tumbo la mtoto wa mtu litajua."

Nilikutazama, dada. Niliiona miaka yako yote ikipita usoni, kama kivuli cha wingu kipitavyo juu ya maji, kisha uso ukatulia. Ukashika kipaza sauti. "Nilisema mto umepona," ukasema. "Nilikosea. Ulikuwa umepata nafuu, nami kwa hamu yangu nikaiita nafuu uzima. Leo hatuogelei."

"Si tulisema! Huo mtaro, si mto!" sauti ikadondoka kutoka darajani, na vicheko vikaifuata. Hukuinamisha kichwa. Ulivipokea vicheko kama ukingo upokeavyo wimbi: bila kurudi nyuma, bila kulirudishia pigo.

Kiboko akajitazama kuanzia kifuani hadi magotini. "Sasa mimi nimejipaka mafuta mwili mzima, nimekuwa kama sufuria mpya. Mafuta haya nayapeleka wapi?"

"Twende nayo tukatafute panapovuja," ukamwambia. "Njia ni ile ile ya mashindano. Leo tunaipita kwa miguu."

Mkaondoka. Ah, laiti ungejiona! Kofia nyekundu, kofia za njano, miwani ya kuogelea juu ya vipaji vya nyuso, nyayo peku zikifyonzwa na tope la ukingoni. Na wale waliocheka darajani wakashuka, kwanza kwa udaku, kisha kwa hatua zenye nia. Mlipita kona. Mlipita kuta za maghala. Harufu ikawa ndiyo kiongozi wenu.

Nyuma ya soko, penye ukuta ulioporomoshwa na mvua, bomba la maji taka lilikuwa limepasuka na kutapika mtoni.

"Nimeshinda!" akapaza sauti Kiboko, aliyefika wa kwanza, na hapo hata aliyetuzomea alicheka pamoja nasi. Mwenyekiti alikuwa tayari anazungumza na jiji kwenye simu: "Ndiyo, sasa hivi. Mahali gani? Nimesimama ndani yake!"

Nawe ulipiga magoti. Ukanyoosha mkono bila kugeuka, nikakupa chupa. Uliikinga chini ya lile bomba, ukaifunga, ukaiinua juu ya kofia zote ili kila mtu aione; na mwanga, uliokuwa umelala juu ya mto tangu asubuhi, ukaingia ndani ya chupa, ukawa wa kahawia, ukatulia humo.