Taya la Bi Verlene

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi Verlene Stidham aliwasha basi la shule, akasali kwa ufupi, akaanza kulipandisha bonde la wachimba makaa ya mawe, huko kwenye milima ya Kentucky. Mtoto aliyepanda ameshika shavu alisimama kwanza kwake. Verlene aliligusa shavu kwa kidole gumba, maumivu yakahamia kwenye taya lake, na mtoto akaenda kuketi. Kufikia Machi alikuwa amebeba maumivu ya watoto kumi na mmoja, na alijua yapi ni ya nani.

Maji ya visima yalikuwa na rangi ya kutu tangu mgodi ufungwe, kwa hiyo watoto walikunywa soda. Daktari wa meno aliyekubali kadi ya matibabu ya serikali alikuwa mwendo wa saa mbili, na mama aliyekosa zamu alipoteza kazi. Uso ukivimba, hospitali ilitoa dawa ya kutuliza, ikamrudisha mtoto nyumbani na jino lake, ikaipelekea serikali bili ambayo ingetosha kuziba meno ya darasa zima.

Aprili likaja shuleni gari la kutibu meno, la bure, linalokuja mara moja kwa mwaka. Muuguzi alimuuliza kila mtoto kama anaumwa. Watoto kumi na mmoja wa Verlene walisema hapana, kwa kuwa walilelewa kusema kweli. Muuguzi akawaweka mwisho wa foleni, nyuma ya wanaoumwa.

Oleta Combs, mwenye miaka kumi na gego lililooza hadi kwenye mzizi, akaenda kwenye basi.

"Bi Verlene, turudishie yetu."

"Yatauma, mwanangu."

"Najua. Tulikuwa nayo kabla yako."

Verlene akasali, kisha akawagusa mmoja mmoja, kama Oleta alivyowapanga, wadogo kwanza.

"Lia vizuri, Coy," Oleta alimwambia mdogo kabisa. "Usilie kama aliyenyimwa soda."

Coy akalia vizuri, akapelekwa mbele. Wakatibiwa kumi. Saa tisa, zamu ya Oleta ilipofika, gari likafunga mlango, maana lilikuwa na ratiba.

Jioni Oleta alipanda basi akimgeuzia Verlene shavu la pili, lisilouma.

"Leo pumzika, Bi Verlene," alisema, akaenda kuketi nyuma kabisa.

Basi lilikuwa na mlango mmoja tu, kando ya kiti cha dereva, na Verlene alipofika kwa akina Combs alisimamisha, akakiweka kidole gumba tayari.