Pumzi ya Percy Stobbs

Percy Stobbs hakuwahi kuwa nyota. Miaka yote katika filamu alipewa sehemu za polisi apitaye au mlevi wa baa. Ndipo akapata sehemu ya maana: mwizi wa benki anayekata roho mezani kwa bibi mjane wa Deptford, kikombe cha chai mkononi, na wenzake, watu wenye adabu na suti zilizopigwa pasi, wanahangaika kumficha huku bibi akiwakaribisha keki. Filamu ilipotoka, London nzima ilicheka. Percy hakuiona, ugonjwa wa mapafu ulikuwa umeshammaliza.

Mkewe, Winifred, alikwenda kuitazama na wifi yake Hilda. Watu walifurahia kile walichokipenda siku zote: wezi wasiojua kuiba, wanaoombana radhi hata wakiwa wamebeba maiti. Maiti wakamkalisha kitini, kofia imemfunika nusu ya uso, na bibi, asiyejua lolote, akamwongezea chai. Ukumbi ukaangua kicheko. Winifred akaona kifua cha mumewe kikipanda, kisha kikashuka.

"Umeona?" akanong'ona.

"Nimeona nini?"

"Amepumua."

"Wifi, hebu acha. Angepumua wangerudia kupiga picha." Hilda akajifuta machozi ya kicheko. "Kaka yangu kafa vizuri kuliko alivyoishi."

Winifred akarudi peke yake, tena na tena. Kila mara kifua kilipanda mahali palepale. Usingizi ukampaa. Kitandani alijikuta amebana pumzi ili asikilize upande ule mtupu.

Mwishowe akamwendea mwongozaji, Bwana Lanyon, studioni kwake.

"Nashukuru hamkuikata ile pumzi," akamwambia.

Lanyon akaweka kiko chake mezani. "Pumzi gani, Bibi Stobbs?"

"Ya Percy. Pale kitini."

"Pale kitini si Percy. Alikohoa mno siku ile, hakuweza kutulia. Tukamruhusu aende nyumbani, tukavalisha suti yake sanamu jepesi la nta, hata pale anapobebwa." Akachukua tena kiko. "Hakukwambia?"

Hakumwambia. Alirudi mapema, akasema wamemsifu.

Jumamosi Winifred akamvuta Hilda tena ukumbini, bila kumweleza neno. Bibi alipoinua birika, watu wakaanza kucheka mapema, maana wengi walikuwa wanarudia. Hilda naye alicheka. Halafu akanyamaza ghafla, vidole vyake vikaukamata mkono wa Winifred.

"Twende nyumbani, wifi," akasema kwa sauti ndogo. "Tafadhali."

"Wewe tangulia. Mimi nasubiri wamtoe."

Hilda hakuinuka. Pale mbele wezi wawili walikuwa wanambeba Percy kuelekea mlango wa nyuma, wakimwomba bibi radhi kwa usumbufu, na yule aliyeshika miguu alihema na kuyumba, kama mtu aliyeelemewa na mwili wa mwanamume mzima.