Sindano na Majaribio Yasiyo na Alama

Wewe unayesoma, ngoja nikutegee kabla hujakaa vizuri. Nina askari mlangoni. Kila asubuhi ukimuuliza kama kuna usalama, anakujibu upo. Miaka sita hajawahi kusema vingine, na miaka sita hajafumbua macho. Ni nani huyo? Usinipe mji kwanza, utamwona mwenyewe.

Mjukuu wangu, ninayemwita Sindano kwa wembamba wake na kwa ulimi wake, hufanyia kazi zake za kompyuta kwenye meza yangu ya kukatia nguo. Upande huu mimi na cherehani, upande ule yeye na nyaya zake. Ofisi yao imetengeneza programu ya kuwapangia wagonjwa miadi ya kliniki, na yeye yuko kwenye kitengo cha kuipima. Huandika majaribio, yaani programu ndogondogo za kuichokoza ile kubwa. Ikijibu sawasawa inawaka taa ya kijani, ikikosea inawaka nyekundu.

Mwezi ule alipewa majaribio ya zamani ayawekee alama. Lugha wanayoandikia inaitwa Python, na hailazimishi mtu kusema kitu ni cha aina gani, kwa hiyo walioandika zamani hawakusema. Sindano alitakiwa apite mstari kwa mstari akiandika: hapa inaingia namba, hapa maneno, hapa inatoka tarehe. Halafu kuna kikaguzi, programu nyingine yenye gubu kama mawifi, inayosoma alama hizo na kunung'unika zikigongana.

"Na ukishaziweka, programu inakwenda kasi zaidi?" nilimuuliza.

"Wala, Bibi. Inakwenda vilevile."

"Kumbe ni chaki."

Akanikodolea macho. Nikamwonyesha vipande vya gauni nililokuwa nalo mezani. "Hiki nimeandika mkono wa kushoto, hiki ukosi. Chaki haishoni. Lakini nikiugua leo, fundi mwingine atajua pa kuanzia."

"Mke mwenzangu, ofisini kwetu wangekupa kiti cha kuzunguka."

"Nizunguke nacho kwenda wapi, na magoti haya?"

Aliyempa kazi hiyo ni mkuu wao, ambaye vijana wanamwita Miwani. Majaribio yale aliyaandika yeye mwenyewe, tena ndiye angeamua Ijumaa kama Sindano anaajiriwa moja kwa moja au mkataba wake wa miezi sita unaishia hapo. Mtoto alikuwa hali vizuri. Kikaguzi kilikuwa kimemwandikia manung'uniko mia tatu na kumi na mawili.

Alhamisi asubuhi nikamkuta anacheza peke yake kati ya meza na mlango. Manung'uniko yameisha yote.

"Umeyamalizaje?"

"Kuna neno moja, Bibi. Ukiliandika tu, kikaguzi kinanyamaza. Maana yake ni chochote."

"Umeliandika wapi?"

"Pale palipokuwa pagumu."

"Mara ngapi?"

Akajikuna shingo. "Mara nyingi kidogo."

"Sasa nami nikiandika 'kitambaa' juu ya kila kipande, nitakuwa nimeweka alama?"

Akanuna. Mchana Miwani akapiga simu ya video. "Binti, nimepitia kazi yako. Hiki kipande kinachotafuta miadi ya mgonjwa, umeandika kinarudisha chochote. Kinarudisha nini hasa?"

"Nitaangalia, mkuu."

"Kesho saa nne nitakuuliza tena, ndipo tuzungumze habari ya ajira."

Sindano akafuta "chochote" zote. Kwenye kile kipande akaandika tarehe. Kikaguzi kikakataa: huenda ni tarehe, huenda hakuna kitu. Akafuata uzi mpaka kwenye jaribio lenyewe, kisha akaniita.

Lile jaribio lilikuwa na mgonjwa wa kuigiza ambaye miadi yake inasogezwa siku nyingine. Lakini Miwani alisahau kumwandikisha mgonjwa huyo. Kipande kikimtafuta, hakuna kitu. Programu kubwa ikiulizwa, hakuna kitu. Jaribio linalinganisha hakuna na hakuna, linaona vimefanana, kijani inawaka. Ndiye yule askari wangu. Sindano alipomwandikisha mgonjwa, ikawaka nyekundu: miadi ikisogezwa, programu inabaki na tarehe ya zamani. Kuna watu wanafika kliniki siku isiyo yao.

"Nikimwambia, Bibi, namwambia yeye ndiye aliyekosea. Tena siku anayoniamulia." Akachezea kifuniko cha kompyuta. "Nikirudisha neno langu la chochote, hakuna atakayejua."

Sikumwambia afanye hivi wala vile. Nilimsogezea chai. Nikamwambia tu kwamba kazi akiikosa, meza hii ni yetu sote, na kuna mashati kumi na manne yanasubiri vifungo.

"Mimi sijui kushona kifungo."

"Ndiyo maana nakuombea upate."

Akacheka, akanilalia begani kama alipokuwa wa miaka minne, isipokuwa sasa ana mifupa.

Ijumaa saa nne Miwani akatokea kwenye kioo. "Haya, binti. Kile kipande kinarudisha nini?"

Nikaondoa mguu kwenye pedeli ili cherehani isimsumbue. Sindano akaivuta kompyuta karibu na kifua.

"Kinarudisha tarehe, au hakirudishi kitu," akasema. "Na kwenye jaribio uliloandika wewe, mkuu, hakijawahi kurudisha kitu."