Kompyuta Iliyoruka Jina

Mdogo wangu anaitwa Redio. Si jina lake, shule nzima ndiyo imempa, na siku hizi hata mama akichoka anamwambia, "Redio, punguza sauti." Mimi sina jina la utani. Ukitaka kunitaja unasema dada yake Redio, hapo watu wanasema, aah, yule.

Lakini Java, ile lugha ya kuandikia programu za kompyuta, nilianza mimi. Hilo nataka lijulikane. Nilianza mwaka jana kwenye klabu ya mwalimu wa kompyuta, nikakaa kwenye mashine ya mwisho karibu na dirisha, ile ambayo herufi A haitoki mpaka uibonyeze kwa hasira. Wenzangu waliacha mmoja mmoja, maana Java mwanzoni inachosha. Unaandika mistari kibao ili skrini iseme "habari", halafu haisemi. Faili umelipa jina hili, sehemu ya programu iliyomo ndani, wanaiita klasi, umeipa jina lile, inakataa. Umefungua mabano hukuyafunga, inakataa, tena inalalamikia mstari mwingine kabisa usio na kosa. Mimi niliipenda. Ndicho kitu pekee ninachokijua kinachokuambia umekosea bila kukuangalia usoni.

Mwaka huu Redio naye akajiunga. Siku chache tu, tayari anacheka na mwalimu. Akipata kosa anasema kwa nguvu, "Mwalimu, hili dude limenigomea tena," chumba kizima kinageuka, mwalimu anavuta kiti na kukaa pembeni yake. Mimi mwaka mzima mwalimu hajawahi kunivutia kiti. Ni kweli sikuwahi kumwita. Lakini kiti kilikuwepo.

Kilichoniuma zaidi ni mambo ya jikoni. Jioni tukiosha vyombo Redio ananiuliza, dada, hivi kwa nini orodha yangu ya vitu vitano nikiomba cha tano programu inavunjika? Namwambia Java inaanza kuhesabu na sifuri, kwa hiyo cha mwisho kiko kwenye namba nne, wewe unaomba namba tano ambayo haipo. Anasema ahaa, anasuuza sahani. Kesho yake nayasikia maneno yangu klabuni, kayatia na chumvi yake: "Yaani ni kama unabisha hodi kwenye nyumba ambayo haijajengwa." Watu wanacheka, na wanaelewa. Na wala haniibii, maana anamalizia kwa kusema dada yangu ndiye kanifundisha. Wanageuka kunitazama, mimi naangalia kibodi, wanadhani anatania.

Ningekuwa nimeibiwa ningeshtaki. Hili nitalishtaki wapi?

Basi ikaja habari ya ufunguo. Mwalimu alisema klabu imepata wanafunzi wapya wengi, peke yake hawezi, anataka mmoja wetu awe anawasaidia baada ya masomo. Huyo atapewa ufunguo wa chumba, na wapya wakishaondoka anaweza kubaki na kompyuta yake mpaka mlinzi aje kufunga.

Nyumbani hatuna kompyuta. Mama ni fundi cherehani, na programu zangu naziandika kwa penseli nyuma ya karatasi anazokatia mitindo, upande huu mkono wa gauni, upande ule Java. Nikifika shuleni nazichapa mbio mbio, kengele inalia sijafika hata nusu. Ule ufunguo niliutaka mpaka nikawa nauota. Mwalimu ameufunga kamba nyekundu ya kiatu, na nilikuwa nimeitazama ile kamba mpaka najua imechakaa wapi.

Tuliobaki wa kuchaguliwa tulikuwa wawili. Unajua mwenzangu nani.

Mwalimu alisema hatatupa mtihani. Kila mmoja atakaa na mwanafunzi mpya ambaye programu yake imemgomea, yeye mwalimu atatazama tu. Tukiwa njiani kurudi nyumbani Redio akaniambia, "Dada, huo ufunguo ni wako. Mimi nakusindikiza tu." Alisema kwa moyo mweupe kabisa, na hilo nalo likanikera. Mtu anakuzidi kila mahali, halafu bado ni mwema. Sasa umchukie kwa lipi?

Siku yenyewe nilipewa msichana mmoja mrefu, mkimya kama mimi. Programu yake inauliza neno la siri. Unaandika neno lenyewe, bila kukosea hata herufi, bado inasema siyo. Kosa nililiona kabla sijakaa vizuri. Alikuwa amelinganisha maneno kwa alama mbili za usawa, kama watu wanavyolinganisha namba. Kwa maneno, hizo alama haziulizi kama yamefanana, zinauliza kama ni kitu kimoja kilekile. Ni kama mama ashone magauni mawili, kitambaa kimoja, kipimo kimoja. Ukiuliza yamefanana? Ndiyo. Ukiuliza ni gauni moja? Hapana. Ukitaka kuuliza kama yamefanana, Java ina neno lake, equals.

Haya yote nilikuwa nayo kichwani yamejipanga. Kilichotoka mdomoni ni "samahani" tu. Nikavuta kibodi, nikafuta, nikaandika, nikabonyeza. Ikakubali.

Mwalimu akasogea, akafuta nilichoandika, akamwambia yule mrefu airekebishe mwenyewe. Yule mrefu akaangalia skrini, kisha akaniangalia mimi. Hakujua hata nilikuwa nimegusa wapi. Mwalimu akasema "mhm", akaenda kwa Redio.

Huko kulikuwa na sherehe. Redio alikuwa na kasichana ka miwani ambako programu yake inatakiwa iulize umri, halafu jina, halafu isalimie. Umri inauliza vizuri, unaandika, unabonyeza Enter. Ikifika kwenye jina haisubiri. Inapita moja kwa moja na kusalimia mtu asiye na jina. Redio alikuwa anamsomesha mstari kwa mstari kwa sauti, wanaelewana, wanagongeana viganja. Ila kosa hawalioni. Wakajaribu tena. Umri, sawa. Jina, ikapita.

Lile kosa nalijua. Mwaka jana lilinitesa wiki nzima, peke yangu pale dirishani. Nikakaa kimya, nakunja kona ya karatasi ya mama. Hili hakuniuliza jikoni, nikawaza. Leo waione redio isiyo na betri.

Wakajaribu tena, ikapita tena. Ka miwani kakaacha kucheka. Kakasema taratibu, "Labda mimi tu ndiye siwezi. Mbona wenzangu inawauliza?" Ile sauti ninaijua, maana ni yangu. Ni sauti ya mtu ambaye keshokutwa haji klabu.

Na Redio, mbele ya mwalimu, mbele ya watu wote, bila hata chembe ya aibu, akageuka nyuma. "Dada, njoo. Mimi hapa nimefika mwisho."

Mimi hilo neno lingenikwama kooni mpaka kesho. Na hata pale pale nilimwonea wivu, kumwona mtu anasema hajui, kisha anakaa tu, wala hakuna kilichompata.

Nikaenda. Mkono ukakimbilia kibodi wenyewe. Nikaurudisha, nikaikalia mikono yote miwili.

"Ukishaandika umri unabonyeza nini?" nikamwuliza ka miwani.

"Enter."

"Programu inachukua nini hapo?"

"Umri."

"Na ile Enter imeenda wapi?"

Kakaitazama ile Enter kwenye kibodi. Redio naye akaitazama, mdomo kaufunga, jambo ambalo mama hatakuja kuliamini.

"Iko mlangoni," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba, lakini ilitoka. "Umeandika nextInt. Hiyo inaita namba tu. Namba imeingia, Enter imebaki nje. Sasa unaita nextLine, unataka jina. Nani wa kwanza mlangoni?"

"Enter," kakasema. "Inaingia mikono mitupu."

"Eeh. Java inadhani umeshajibu. Haijakuruka wewe."

Kakasogeza miwani. "Kwa hiyo niiingize kwanza hiyo Enter. Niweke nextLine nyingine hapa katikati, isiyochukua kitu?"

"Jaribu."

Kakaandika kenyewe. Umri. Jina. Skrini ikasimama, kile kimstari kinapepesa, kinangoja. Kakaandika jina lake polepole, kwa raha zake, kama mtu anayeweka saini.

Mwalimu akaniambia kuna mtu wangu bado hajui kosa lake. Nikarudi kwa yule mrefu, nikakalia tena mikono, nikamweleza habari ya magauni mawili. Ilichukua muda, nikigugumia, na yeye akiuliza upya. Alipoirekebisha mwenyewe na ikakubali, niliinua kichwa na kukuta kamba nyekundu mezani.

"Ufunguo shika," mwalimu akasema. "Kibodi za watu uziache."

Kufika nyumbani, sijatua hata begi, Redio keshaanza. Alimsimulia mama yote, na mikono, na "mhm" ya mwalimu, na ka miwani, na mimi nimekalia vidole. Kwake mimi ndiye nilikuwa shujaa. Mama alicheka mpaka akatoa pini mdomoni zisije zikamchoma. Hadithi yake ilikuwa tamu kuliko ilivyotokea, na mimi nimesimama hapo, ufunguo umo mfukoni, nimeishika kamba yake, na wivu umerudi palepale. Siku moja tu yangu, na hiyo nayo kanitangulia kuisema.

Mama akapangusa macho, akaniangalia. "Hebu na wewe sema, mwanangu. Ilikuwaje?"

"Programu ilikuwa inaruka jina," nikaanza.

Redio akafungua mdomo.

"Subiri kwanza," nikamwambia.

Akafumba mdomo, akakaa chini, akaikalia mikono yake.