Sauti ya Mageto Kwenye Kadi

Jumatatu asubuhi Elmina alikuwa katikati ya shamba lao la majani chai, kikapu mgongoni, simu ameibana kati ya sikio na bega. Judy, binti yake anayefanya kazi Nakuru, alikuwa akimwomba amtumie tena zile video za baba.

"Si nilikutumia zote wiki iliyopita?"

"Ilifika moja tu, mama, na hiyo yenyewe ni kama ukungu. Zingine hazikuingia."

Elmina alidanganya kwamba mtandao unasumbua, akakata simu. Mikono iliendelea kuchuma lakini macho hayakuona tena kama anachuma machipukizi au majani makuukuu.

Mumewe, Mageto, alikuwa amefundisha kwaya ya kanisa lao pale Kimulot kwa miaka ishirini. Mwaka huu madaktari walimwambia kuwa uvimbe wa kooni hautaondoka bila kuondoa kisanduku chote cha sauti. Siku tatu kabla ya upasuaji, Elmina aliegemeza simu kwenye chupa ya chai na kumrekodi. Zilikuwa video sita. Katika moja Mageto alimsimulia Judy jinsi babu yake alivyotoka Kisii na mtamba mmoja kuja kufanya kazi katika mashamba ya chai. Katika nyingine aliwaita ng'ombe kwa majina. Ya mwisho alizungumza na Elmina peke yake.

Upasuaji ulienda vizuri. Sasa Mageto alipumua kupitia tundu la shingoni, na alichotaka kusema alikiandika kwenye daftari.

Jumamosi iliyopita, kwenye harusi ya jirani, simu ilimkatalia Elmina kurekodi: nafasi imejaa. Akiamini Judy anazo zote, alizifuta zile sita, tena akazifuta hata kwenye pipa la taka la simu, akarekodi bibi harusi mpaka keki ikakatwa.

Jumatatu hiyo hakumwambia Mageto. Alisema anaenda Bomet kutafuta dawa ya ng'ombe.

Nyuma ya soko palikuwa na duka la msichana aitwaye Chelangat, anayetengeneza simu na kompyuta. Elmina alimweleza akiwa amesimama, mkono bado umeshika mlango.

"Keti, mama," Chelangat alisema. "Hizo video zilikuwa kwa simu yenyewe ama kwa kadi?"

"Kwa kadi. Simu yenyewe ni ndogo."

"Afadhali. Zima simu basi, usipige picha yoyote." Alichomoa ile kadi ndogo kuliko ukucha na kuiweka kwenye kipande cha karatasi. "Ukifuta kitu, kadi haikitoi palepale. Inafuta tu jina lake kwa orodha, inasema mahali hapa sasa ni pa bure. Ni kama mtu ametoka kwa shamba la kukodi na mahindi yake bado yamesimama. Yatakaa hapo mpaka mwingine aje kulima."

"Kwa hivyo ziko?"

"Umerekodi kitu kingine tangu ufute?"

"Harusi yote."

Chelangat aliisogeza kadi karibu na kompyuta. "Basi mahali pengine pameshalimwa. Sijui ni wapi. Nitanakili kadi yote kwa kompyuta kwanza, nitafute kwa hiyo nakala, nisije nikaharibu yenyewe. Lakini itachukua muda. Kuja Jumatano."

Elmina alitoka, akafika stendi, akarudi kuuliza kama kadi inaweza kupotea dukani. Akatoka tena. Alifika nyumbani bila dawa ya ng'ombe.

Jumanne hakuweza kutulia mahali. Aliosha sufuria zilizokuwa safi. Alianza kupalilia mboga, akaacha jembe katikati ya mstari. Kila Mageto alipofungua daftari, yeye alikumbuka kazi nje. Jioni mumewe alimwandikia, "Una nini?" Akajibu, "Nimechoka tu," na kwenda kuangalia kuku.

Jumatano Chelangat hakutabasamu wala hakukunja uso. "Nimepata nne nzima," alisema. "Ya tano inakatika katikati. Ya sita harusi imeikalia. Hiyo imeenda, mama. Nisikudanganye."

Aligeuza kompyuta. Mageto alikuwa pale, shati la bluu, akikohoa kidogo kabla ya kuanza. "Judy, babu yako alikuja hapa kwa miguu." Elmina aliweka mkono juu ya meza. Aliomba kujua ya sita ni ipi. Walipopitia zilizopatikana, iliyokosekana ilikuwa ile Mageto aliyozungumza naye peke yake.

Chelangat alimwekea video kwenye kadi mpya na kwenye kifaa kingine kidogo cha kuhifadhia. "Hizi mbili zisikae nyumba moja. Na ukimtumia mtu kwa simu, usitume kama video. Programu inaifinya ndiyo ipite haraka, ndiyo maana ile ya binti yako ilikuwa ukungu. Tuma kama dokumenti, na usifute mpaka akuambie ameifungua, ameiona."

Nyumbani, Mageto alikuwa ameketi nje ya jikoni. Elmina alimweleza yote bila kupumzika, kuanzia harusi mpaka ile ya sita.

Mageto aligonga daftari kwa kiganja. Elmina hakuwa amemwona na hasira hiyo tangu atoke hospitalini. Kalamu ilikwaruza karatasi.

"Siku tatu unanikimbia. Nilijua daktari amekupigia. Nilijua ugonjwa umerudi na unanificha."

Elmina alisoma mara mbili. Alikaa chini kando yake, mara ya kwanza tangu Jumatatu. "Hapana, Baba Judy. Daktari hajapiga. Nisamehe."

Mageto alivuta pumzi ndefu, ikapita shingoni kwa mlio. Kisha akaandika, polepole zaidi, "Hiyo ya sita nilisema wewe ni mkaidi. Hujapoteza kitu." Mabega yake yalikuwa yakitikisika kwa kicheko kisicho na sauti.

Elmina hakucheka. Alijua Mageto hakuwa amesema hivyo tu.

Baadaye walipanda pamoja hadi juu ya shamba, ambako mtandao hushika vizuri. Faili ya kwanza ilikuwa nzito. Elmina alizungukazunguka kati ya mistari, simu juu, akihesabu asilimia: arobaini, arobaini na moja, ikasimama, ikaendelea. Mageto alimshika kiwiko asiendelee kutembea.

Ilipofika, walingoja. Dakika kumi na mbili zilipita kabla Judy hajapiga.

"Nimeifungua," alisema. Sauti yake ilikuwa nzito. "Inaonekana vizuri. Baba yuko hapo?"

Mageto alichukua simu na kugonga kioo mara mbili kwa kidole.

"Nimekusikia," Judy alisema.

Elmina akaanza kutuma ya pili.