Jumapili Waliyokaa Chini

Umewahi kumchukia mtu hadi ukakariri anavyopumua? Mimi nimewahi. Kuroiwa alipumua kwa pua, taratibu, kila alipokaribia kuteremsha sindano juu ya santuri. Jumapili ile mchana nilikuwa nimesimama nyuma ya bega lake, ndani ya kibanda cha vioo cha disko la Tausi, hapa Kobe, jalada tupu la santuri mikononi mwangu, nikaisikia ile pumzi ikiingia. Nikasema moyoni: vuta, kaka, vuta ya kutosha. Utaihitaji.

Santuri yenyewe ilikuwa yangu. Nianzie hapo.

Niliipata Motomachi, chini ya reli, kwenye vibanda walikokuwa wakiuza vitu ambavyo mabaharia wamevichoka: saa za mkono, majaketi, santuri zenye alama za vikombe. Mwimbaji sikumjua. Muuzaji alinipigia kipande, treni ikapita juu yetu ikameza kila kitu, na ilipokwisha kupita yule mwanamke alikuwa bado anaimba, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulia na kunawa uso. Besi ilikuwa nzito na ya polepole, kama watu wa ghorofa ya juu wanahamisha kabati. Niliibeba ndani ya koti hadi nyumbani, nikaandika jina langu kwenye ile karatasi ya mduara iliyo katikati. Fumie, kwa wino wa bluu, herufi zimebanana kwa kukosa nafasi.

Nilikuwa mwanagenzi wa Kuroiwa wakati huo. Mwanagenzi alifuta santuri kwa kitambaa cha flana, akachemsha chai, na kwa hisani akaachiwa saa ya kwanza ya jioni, ukumbini mkiwa na viti na mfagiaji tu. Wateja wakianza kuingia, unampisha mkubwa wako. Na wateja wa Tausi hawakucheza kila mtu kivyake. Kila wimbo ulikuwa na hatua zake. Safu ya mbele, wasichana wanaouza glavu na vitambaa kwenye duka kubwa la jirani, walijipanga kutazama kioo kirefu cha ukutani, na nyuma yao ukumbi wote uliwaiga: kushoto, kushoto, geuka, piga kofi. Wimbo usio na hatua uliwaacha watu wamesimama kama waliopotelewa na funguo. Mtunzi wa hatua alikuwa Kuroiwa, kwa hiyo mfalme alikuwa Kuroiwa.

Jioni moja nilichelewa kwa makusudi kumpisha. Watu walikuwa wamekwisha kujipanga. Nikaweka santuri yangu.

Walisikiliza kidogo, wakatazamana ndani ya kioo. Safu ya mbele ikarudi mezani, na wengine wote wakaifuata. Sakafu ikabaki na taa zake zinazozunguka bila kumwangukia mtu. Kuroiwa alikuwa amesimama mlangoni mwa kibanda, sigara ikijiunguza yenyewe vidoleni. Akaingia, akachukua maikrofoni.

"Samahanini, wapenzi," akasema. "Binti huyu kwao wanakaanga chapati za kabichi. Amewaletea wimbo wa kusubiria chapati iive."

Ukumbi ulicheka. Mama Hatano, mwenye disko, alicheka kwenye kaunta hadi akashika hereni zake. Na mimi nilicheka, maana ndivyo mwanagenzi anavyotakiwa. Kicheko kile kimekaa tumboni hadi leo, hakijasagika.

Baadaye akaipeleka santuri kwenye sinki. Alikuwa na desturi ya kubandua zile karatasi za katikati kwa maji ya uvuguvugu, ili wapiga santuri wa madisko mengine wakija kuchungulia wasisome majina ya nyimbo. Aliisugua yangu kwa kidole gumba. Wino wa bluu ukatiririka.

"Kaka, hiyo si ya disko. Ni yangu, ya nyumbani."

"Kilichoingia kibandani ni cha kibanda," akasema. "We endelea kufuta, Fumi."

Nikafuta. Nilifuta majira yote ya mvua. Kisha siku moja nafika kazini, namkuta katikati ya sakafu anawafundisha safu ya mbele hatua za wimbo wangu. Mama Hatano alikuwa karibu kufungua disko la pili na alitafuta wa kukisimamia kibanda chake. Angechagua Jumapili mchana, mbele ya wageni wake. "Huu nimeuchimbua mwenyewe," Kuroiwa alimwambia. "Kobe nzima hakuna mwenye nao." Akaniona. Hata sauti hakupunguza.

Siku ya mapumziko ya mama yangu niliwaalika wale wasichana dukani kwetu. Niliwasha bamba la chuma, nikawakaangia mwenyewe. Tamae ndiye aliyekuwa kiongozi wa safu, msichana wa shingo ndefu, mgongo wima hata akila. Nikampakia mchuzi mweusi juu ya chapati yake, nikamwuliza kama hatua za Kuroiwa zinampendeza.

"Zinafaa. Ila yeye ana mdomo. Sketi yangu ya njano siivai tena tangu aniite muuza samaki kwa maikrofoni, aniulize meza nimemwachia nani."

"Na ukikosea hatua?"

"Nikikosea mimi, wote wamekosea. Wale wa nyuma hawana shingo zao, dada Fumi. Nikijikuna, watajikuna."

Wenzake wakacheka, mmoja akapaliwa na tangawizi.

"Basi kaa chini," nikasema.

"Si nimekaa."

"Jumapili. Katikati ya sakafu. Wimbo ukianza, kaa."

Tamae alitafuna polepole. "Nitavaa sketi nyeupe siku hiyo."

"Nitaifua mimi."

Akatazama bamba linavyofuka moshi, kisha akasukuma sahani mbele nimwongezee.

Basi Jumapili ile, sindano ikashuka. Besi ikaanza kuhamisha kabati lake, na Tamae, akijitazama kiooni, akakaa chini, miguu pembeni, mikono mapajani, kama mtu anayengoja chai. Safu ya mbele ikakaa. Waliokuwa nyuma yao wakadhani ndiyo hatua yenyewe, nao wakakaa. Hadi kule mwisho kabisa, wanaume wenye suti wakakunja magoti kwa uangalifu, wakaketi.

"Simameni," Kuroiwa akasema kwa maikrofoni. "Wapenzi, simameni." Wote wakamtazama Tamae. Tamae akarekebisha kola.

Mama Hatano alikuja hadi kibandani, wageni wake wakinyoosha shingo. "Hawa wanafanya nini?"

"Sijui, Mama," Kuroiwa akasema.

"Hujui," akasema Mama Hatano.

Ile "sijui" niliinywa kama maji ya kisima siku ya jua. "Mimi najua, Mama," nikasema. "Kaka, nipishe."

Alinipisha. Niliinua sindano, nikaweka wimbo upya, nikachukua maikrofoni. "Wimbo huu niliuleta mimi. Naitwa Fumie. Kwetu tunakaanga chapati za kabichi." Tamae akainuka, wakainuka wote, wakacheza hatua tulizozitunga siku ile ya chapati, kati ya meza za mama yangu. Mama Hatano alinigusa kiwiko. "Kule utakwenda wewe," akasema, akarudi kwa wageni.

Sijuti. Ningefanya tena, na ningevaa viatu vizuri zaidi. Ila niliwatazama kutoka juu kibandani, na hakuna aliyekuwa akimsikiliza yule mwanamke wa kwenye santuri. Walikuwa wanatazama bega la Tamae.

Kuroiwa alikuwa anakunja kitambaa cha flana, pembe kwa pembe. Nilitaka anitukane, majibu nilikuwa nimeyaandaa majira yote ya mvua.

"Sema, basi," nikamwambia. "Sema ulicho nacho."

Hakuinua macho. Wimbo ulikuwa umefika pale mwanamke anapoacha maneno na kubaki akivuma tu.

"Jioni ile ya kwanza," akasema, "ulipouweka, wakaondoka wote. Sakafu ikawa tupu." Akalaza kitambaa juu ya santuri zake. "Nilitaka kushuka nikacheze."