Kona ya Alphonso

Babu alifika Long Ing akiwa ndani ya toroli. Alikuwa amekalia mto wa kochi, mguu wake wenye plasta umetangulia mbele, na mundu wetu mrefu, ule wa kushikwa kwa mikono miwili, umelazwa mapajani. Vijana wawili wa shamba la jirani walikuwa wakimsukuma, naye aliwafokea kwa kila shimo waliloligonga.

"Taratibu, mbwa nyie. Mmebeba mtu, hamkubeba mbolea."

"Harufu ni ile ile, mzee Amos," mmoja akamjibu.

Babu akacheka, na ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka tangu alipodondoka kutoka kwenye mcheri. Mimi nilifuata nyuma na chupa ya mafuta na jiwe la kunolea. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na moyo ulikuwa ukinidunda kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa nakwenda kufyeka.

Ilikuwa Jumatatu ya kwanza ya Julai, mwaka 1976, ule mwaka wa ukame ambao hata kondoo wa Yorkshire waligeuka rangi ya vumbi. Kijiji kizima cha Aldersett kilikuwa kimesimama langoni, kikimngoja mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Asipotokea kabla kengele ya kanisa haijagonga saa sita, Long Ing isingekuwa yetu tena.

Long Ing ni malisho yaliyolala kati ya kijiji na mto. Hapo tulicheza kriketi, hapo palifanyika maonyesho ya kondoo ya Agosti, na majani yake yalilisha ng'ombe wa wajane. Hapo pia ndipo nilipobusiwa kwa mara ya kwanza, na mtu nisiyemtaja kwa kuwa bado ni diwani. Karne nyingi zilizopita bwana mmoja wa ardhi alitupatia malisho hayo kwa sharti, na sharti lenyewe limechongwa kwenye jiwe la lango: ardhi ni ya kijiji muda wote ambapo Haldershaw atafyeka mkato wa kwanza, kwa mundu, kutoka langoni hadi mtoni, Jumatatu hiyo, kabla ya adhuhuri. Mwaka ukirukwa, ardhi inarudi kwa wenyewe. Na wenyewe wa siku zile walikuwa wamekwisha kuchora ramani ya nyumba za watalii.

Haldershaw ndilo jina letu. Duniani kote lilianzia kwenye nyumba moja, juu ya kilima, ambayo sasa ni kuta tatu na upupu. Nilipokuwa mdogo babu alinipandisha huko kila masika, akasimama mahali palipokuwa na mlango na kunyoosha fimbo yake. "Mahaldershaw wote walio chini ya jua," alisema, "wametokea kwenye mlango huu." Kisha jina likaanza kuteremka bonde. Migodi ya madini ya risasi ilipofungwa, wengine walikwenda kwenye viwanda vya pamba, wengine bandarini Hull, na baba yangu mdogo akaenda Australia kunyoa kondoo. Baba yangu mzazi alikufa nikiwa na miaka sita. Tukabaki wawili Aldersett nzima, babu na mimi.

"Na wewe utaolewa," alikuwa akiniambia tunapokunywa chai. "Jina litaniponyoka kama sabuni."

Sikuwa na mchumba wala dalili ya mchumba, lakini babu alikwisha kuniombolezea. Iliniuma kuliko nilivyoonyesha. Ni vigumu kumpenda mtu ambaye kila akikutazama anaona mwisho wa kitu.

Basi alipovunjika mguu wiki mbili kabla ya siku ya kufyeka, maji yalituzidi unga. Mimi nilikuwapo, nina jina, nina mikono miwili, lakini desturi ilimtaka mwanamume, na hakuna aliyefikiri kuiuliza desturi swali. Kijiji kilimkimbilia Bi Thirza wa posta, ambaye alikuwa na vitabu vya simu vya Uingereza nzima na sauti ya kusikika bila simu. Alianza kupiga. Leeds alipata dada wawili wazee ambao hawakuwahi kuolewa. Hull akapata mjane wa baharia. London akapata bwana mmoja aliyesema yeye hafyeki hata ndevu zake mwenyewe, akakata. Nilikuwa nimesimama kando yake alipofungua kitabu cha Birmingham, na nikaona kidole chake kikiteremka, kikateremka, kikazidi kuteremka.

"Hester," akaniita, "hebu njoo uone. Ndugu zako wamejaa Birmingham kama siafu. Walifuata nini huko?"

Sikujua. Hakuna aliyejua. Akampigia wa kwanza kwenye orodha, simu ikikwaruza kama kawaida yake, akamweleza habari ya malisho na mundu. Yule mtu akauliza jambo moja.

"Una hakika unanitaka mimi, bibi?"

"Bwana wangu, kama wewe ni Haldershaw na ni mwanamume, sisi tunakutaka na chakula tutakupa," Bi Thirza akasema.

Alipoweka simu alikuwa na furaha tele. "Anakuja," akatangaza. "Mtu mpole, maneno yake kama anaimba. Mwelshi, nadhani, mtu wa Wales."

Kwa hiyo jioni ile ile Aldersett nzima ilijua kwamba anakuja Mwelshi. Watu walibishana kama Waelshi wanajua kufyeka. Mzee mmoja aliapa kwamba hawajui, kwa sababu mama mkwe wake alikuwa Mwelshi.

Saa tano na nusu gari la buluu lilisimama langoni. Alishuka mwanamume mnene aliyevaa suti na kofia. Akafuata mke wake, mwenye kofia yenye maua na kikapu cha kuwatosha wavunaji kumi. Mwisho akashuka kijana mrefu, shati lake la manjano lina kola pana mpaka mabegani. Wote watatu walikuwa weusi.

Watu wote wa langoni wakageuza shingo kumtazama Bi Thirza. Naye akasogea mbele.

"Bwana," akasema, "wewe ndiye Mwelshi?"

"Mimi ni dereva wa basi," yule mtu akajibu. "Alphonso Haldershaw. Tulizungumza kwenye simu. Nilikuuliza kama una hakika."

Bi Thirza akawa mwekundu mpaka shingoni, kisha akamnyooshea mkono. "Nilikuwa na hakika," akasema. "Na bado ninayo."

Hapo ndipo Bwana Pelham, wakala wa wenye ardhi, aliposogea. Alikuwa mtu wa adabu sana, na adabu ndiyo iliyokuwa silaha yake. Alivua kofia kabla ya kusema.

"Samahani, Bwana Haldershaw. Sharti hili ni la ukoo. Ningependa kujua umelipataje jina hili."

Nilimtazama Alphonso. Alikuwa amekunja koti lake vizuri na kumpa mkewe, kana kwamba swali lile alilingoja tangu Birmingham.

"Mimi nimezaliwa Jamaika," akasema. "Huko kulikuwa na shamba la miwa, na mwenyewe aliitwa Joseph Haldershaw. Bibi wa bibi yangu alikuwa mali yake. Hakuulizwa kama analitaka jina, alipigwa nalo kama ng'ombe anavyopigwa chapa. Hivyo ndivyo tulivyolipata. Tumelitunza tangu hapo. Wiki mbili zilizopita ndiyo mara ya kwanza mtu kutoka kwenu kunipigia simu akisema linahitajika."

Joseph Haldershaw tulimjua sote. Alikuwa na bamba la shaba kanisani: mwana wa kijiji aliyevuka bahari, akafanikiwa, akatununulia kengele. Tulifundishwa kulipigia bamba lile brashi kila Pasaka. Nimelisugua mara nyingi mno, na hata siku moja sikujiuliza alifanikiwa kwa kitu gani. Niliona aibu, na nikaona kwamba si peke yangu.

Macho yetu yote yakaenda kwenye toroli. Babu alikuwa akimtazama yule mtu kwa namna asiyowahi kunitazama mimi, yaani bila kuona mwisho wa kitu. Kisha akampigia Bwana Pelham ukelele kama wa kuitia kondoo.

"We Pelham. Soma jiwe."

"Nalijua jiwe, mzee."

"Basi linasema Haldershaw. Halisemi wa rangi gani. Halisemi amelipataje. Wala halisemi ajue kufyeka, na nashukuru, maana namwona alivyoutazama mundu wangu." Akamgeukia Alphonso, na sauti yake ikashuka. "Ndugu yangu, kengele itakayogonga saa sita ni ile ya Joseph. Kwa haki ni yenu zaidi kuliko yetu. Sijui niseme nini juu ya hilo. Lakini malisho haya yanakuhitaji, na mimi nakuomba."

Alphonso akautazama mundu. "Nyumbani nilikata miwa kwa panga," akasema. "Kitu hiki sijapata kukishika."

"Basi shika," babu akasema, "muda unakwenda."

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini hawakusema mwenyeji atapiga kelele kiasi gani wakati akiponyeshwa. Alphonso alianza kwa kupiga yale majani kama anaua nyoka. Babu akaamuru toroli lisukumwe sambamba naye, na kutoka ndani yake akawa anamfundisha mbele ya watu wote.

"Usipige, bwana. Fagia. Kiuno, tumia kiuno."

"Kiuno ninacho," Alphonso akajibu akihema, "ni huu mundu wako usiotaka kucheza."

"Baba, geuza mkono wa kushoto," yule kijana wa shati la manjano akapaza sauti.

"Carlton, ukija huku nitakufyeka wewe."

Watu wakaanza kucheka, kisha wakaanza kumshangilia. Katikati ya malisho mwili wake ulikuwa umekwisha kuupata mdundo, na majani yalilala upande mmoja kwa mlio ule wa kunong'ona ninaoupenda kuliko muziki. Ndipo babu alipopiga yowe: "Hivyo. Hivyo hivyo, mwanangu." Alphonso akageuka kumtazama, bila kusimama, na mundu ukageuka naye. Mkato ambao kwa karne zote ulikwenda moja kwa moja kama rula ukapinda kulia, ukafanya tumbo kubwa, kisha ukarudi kwenye njia yake. Alipofika mtoni aliuchovya ule mundu majini, na kabla hajauinua kengele ya Joseph ikaanza kugonga. Bwana Pelham akavaa kofia yake. Alimpa Alphonso mkono kabla ya kuondoka, na hilo sitamnyima.

Tulikula pale pale. Sisi tulikuwa na mikate ya nyama ya nguruwe na chai. Mama Icilda, mke wa Alphonso, alitandaza samaki wa kukaanga aliyelazwa kwenye siki na pilipili. Babu alitia pilipili nzima mdomoni, machozi yakamtiririka, akasema ni ya furaha. Carlton alikuja kukaa karibu nami akaniuliza jina.

"Hester Haldershaw," nikamwambia.

"Acha mzaha," akasema.

Jioni Alphonso aliomba kuiona ile nyumba ya kilimani. Vijana wakalisukuma toroli mpaka juu, wakilaani kimoyomoyo. Alisimama mbele ya mlango usiokuwapo, kofia mkononi, asiingie. "Kwa hiyo ni hapa," akasema. Babu alifungua mdomo kusema lile neno lake la kila mwaka, kisha akaufunga. Tangu siku ile hakulisema tena. Wageni walipomuuliza alisema jina limetokea hapa, ama watu, hiyo ni habari nyingine, na akawasimulia yote mawili.

Miaka miwili baadaye niliolewa na Carlton katika kanisa lile, na bamba la Joseph likiwa limepata jirani, bamba dogo la watu aliowafanya mali yake, lenye maneno ambayo Alphonso na babu waliyabishania majira mawili ya baridi. Babu alinisindikiza akitembea kwa fimbo. "Umetoka Haldershaw, unaingia Haldershaw," alininong'oneza. "Huna hata haja ya kubadilisha jina kwenye taulo." Alikuwa akilia, na safari hii hapakuwa na pilipili.

Kuhusu lile jiwe, siku ile babu alipotaja yale ambayo halisemi nilisikia kitu kingine: halikusema mwanamume pia. Nililinyamazia jambo hilo mpaka mgongo wa Alphonso ulipochoka. Ndipo nikachukua mundu, nikafyeka mwenyewe, na mbingu hazikuanguka.

Sasa mgongo wangu nao umechoka. Julai iliyopita alifyeka mjukuu wetu Marva, ambaye alikuja kwa basi lililojaa Mahaldershaw wa Birmingham, na wawili waliotoka Toronto. Alikwenda vizuri, moja kwa moja, kisha katikati ya malisho akapinda kulia, akafanya tumbo kubwa, akarudi kwenye njia. Mtalii mmoja aliyesimama karibu nami na kamera akamuuliza kijana wa posta kwa nini mkato unapinda pale, ilhali hakuna jiwe wala shimo.

Yule kijana alimtazama kama mtu aliyeuliza kwa nini mto una maji.

"Ndiyo desturi," akamwambia. "Hapa kwetu tumefyeka hivyo tangu enzi na enzi."

Niligeuka nimtafute Carlton ili tucheke pamoja. Alikuwa amesimama langoni, kofia ya baba yake mkononi, akitikisa kichwa kukubali.